Mundu Umeletwa, Mpunga Tunakata kwa Kisu

Butembo ni mji ambao ukikosa kitu, kosa ni lako. Makontena yanatoka Guangzhou na Dubai, yanashuka Mombasa, yanapita Kampala, yanasota kwenye forodha ya Kasindi, na mwisho wa safari yanafunguliwa katika mji usio na reli, usio na bandari, na ambao habari za umeme wake tuziache kwa leo. Utapata vitenge, vigae, jenereta, pikipiki zikiwa vipande vipande ndani ya boksi, nywele za kusuka za kila rangi ambayo Mungu hakuiweka kichwani mwa mtu. Nimeona kwa macho yangu saa ya ukutani inayoadhini mara tano kwa siku, ikiuzwa kwa mama mmoja wa kwaya ya parokia, na aliinunua kwa furaha.

Sasa ingia kwenye maduka hayohayo, uulize mundu.

Duka la kwanza la vyuma nililoingia, mwenye duka alikuwa papa mmoja wa makamo, miwani imemshukia puani. Alinisikiliza kwa heshima zote.

“Mundu wa kukata nini, mwalimu?”

“Mpunga, papa.”

Akafikiri. Akaniletea kupekupe ya kukatia nyasi, ile ndefu yenye ncha iliyopinda, ambayo kila aliyesoma Kongo anaijua kwa kuwa ndiyo ilikuwa adhabu yake. Nikamwambia siyo. Akaleta mkasi wa kupogolea maua. Siyo. Akaleta panga lenye picha ya mamba kwenye bapa. “Hili linakata kila kitu,” akasema, na hapo sikuwa na ubishi naye. Mwishowe akaniuliza, kwa upole wa mtu anayemhurumia mgonjwa, kama sitaki tu kununua mchele wa Pakistani, maana mkewe anauza duka la pili na angenipunguzia.

Kinachoniudhi ni hiki: karibu kila kilichokuwa kwenye zile rafu kimetoka China. Na China ni nchi ambayo chama chake tawala kina mundu kwenye bendera, umekingamana na nyundo, rangi ya dhahabu juu ya kitambaa chekundu. Yaani mundu wanaujua, wanauheshimu, wanaupigia saluti. Kutuuzia ndiko wanakosita. Sisi wametuletea maua ya plastiki.

Tukubaliane tu kwamba mundu haujawahi kuwa na bahati pande zetu. Warusi waliufunga ndoa na nyundo mwaka 1918, na 1923 ukaingia kwenye bendera ya Muungano wa Sovieti. Wakubwa wetu waliovutiwa na Moscow wakaichukua nyundo vizuri, wakautazama mundu, wakayatazama mashamba ya wapiga kura wao, wakabadilisha. Majirani zetu wa Brazzaville, kuanzia 1970 hadi 1991, bendera yao ilikuwa na nyundo na jembe. Chama Cha Mapinduzi kilipozaliwa Tanzania mwaka 1977, kikachagua jembe na nyundo. Angola ikaweka panga. Msumbiji ikaweka jembe, kitabu na bunduki, mwananchi ajichagulie. Sisi Mobutu alitupa mkono ulioshika mwenge, kifaa ambacho kwa mkulima kina kazi moja tu, nayo ni kuchoma shamba la jirani.

Natafuta mundu kwa sababu ya mukwe wangu, mama mzazi wa mke wangu, anayelima upande wa Beni. Kutoka Butembo hadi Beni ni kilomita 54, na ukifika umeingia nchi nyingine. Sisi huku juu tunavaa makoti hadi saa nne asubuhi na tunakula viazi. Wao huko chini wanatoka jasho tangu alfajiri, na udongo wao unakubali kila kitu: mpunga, kakao, michikichi, mapapai yanayoota bila kuombwa. Mpunga ukianza kubadilika rangi, simu yangu inalia mara moja na kukatika. Mukwe hapigi, anabipu. Ukibipiwa na mukwe, unapiga wewe, kwa salio lako, ili uambiwe uje kufanya kazi.

“Mukwe, mpunga umekwisha kuinamisha vichwa.”

“Ndiyo, mama. Na shule nayo…”

“Shule haitaliwa na ndege. Mpunga unaliwa na ndege.”

Basi naenda. Na kule ninapewa kisu.

Ngoja nikieleze hiki kisu, maana watu wa mjini mnadhani mchele unazaliwa ndani ya gunia. Ni kipande cha chuma chembamba, urefu wake unazidi kidogo kidole cha kati, kimenolewa upande mmoja, na mahali pa mpini pamezungushiwa kitambaa. Unakilaza kiganjani, makali yakitokeza kati ya vidole. Unashika suke moja. Unalikata bua chini kidogo ya suke, kidole gumba kikisukuma. Suke linabaki mkononi. Unashika la pili. La tatu. Konzi ikijaa, unafunga kishada kwa majani yake yenyewe, unakilaza ndani ya kitunga. Kisha unainua macho, na unagundua kwamba shamba bado halina habari kuwa umefika.

Kuinama huinami, hilo nakiri. Mpunga wa mlimani wa mbegu za kienyeji ni mrefu, masuke yanakufikia kifuani. Kinachouma ni shingo, kidole gumba na cheo. Kushoto kwangu kuna bibi mjane ambaye umri wake hata kanisa limeacha kuuhesabu, ananiacha nyuma mstari mzima huku akisimulia habari za harusi ya mtu. Kulia kwangu kuna mtoto wa darasa la nne. Naye ananiacha.

Na mundu upo! Hapo ndipo ulipo uchungu wangu. Upo kwa mukwe, tena uliletwa mpya, ukiwa bado na mafuta ya kiwandani.

Ulivyofika ni habari ndefu. Ebola ilipotangazwa pale Mangina, Agosti 2018, Beni na Butembo zilijaa magari meupe ambayo hata Kasindi haijawahi kuyaona kwa wingi ule. Ugonjwa ulitangazwa kwisha Juni 2020, ukiwa umeondoka na watu zaidi ya 2,200. Magari meupe yakaanza kutafuta kazi nyingine ya kufanya. Shirika moja, jina lake nalihifadhi, likaamua kuwainua wakulima, na kila kaya ikapewa mfuko wa zana: majembe mawili, panga, ndoo ya kumwagilia, mbegu za kabichi, na mundu.

Mukwe analima muhogo, ndizi, maharage, kakao na kipande cha mpunga. Muhogo unang'olewa kwa mikono miwili na tusi moja. Mkungu wa ndizi unaangushwa kwa panga. Maharage yanang'olewa na mizizi yake. Kabichi kwa joto lile ni mzaha. Ukabaki mpunga, na ndio maana shirika likamtuma kijana wake, agronomu mwenye kofia na buti za mpira, aje atuonyeshe.

Na alituonyesha vizuri, tumpe haki yake. Mkono wa kushoto unakusanya konzi ya mabua. Wa kulia unapitisha mundu nyuma yake, chini, karibu na ardhi, kisha unavuta kwako. Kupinda kule kuna kazi: kunayafungia mabua njia, yasikimbie makali. Vile vijino vidogo kwenye ukingo vinakereza bua lisiteleze. Akatueleza kwamba zana hii ni ya zamani kuliko kilimo chenyewe, na hilo ni kweli. Huko Palestina na jirani zake watu walipachika vipande vya jiwe kali kwenye mfupa, wakakatia nafaka za porini, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, kabla hajatokea aliyepanda hata punje moja. Akakata nyasi konzi mbili tatu kwa mfano. Zikaanguka kwa adabu. Mimi nilikuwa nimekwisha kushawishika, ningesaini popote.

Mukwe alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono magotini. Akauliza kama anaruhusiwa kuuliza.

“Mwanangu, ukikata hapo chini, miche yangu ya muhogo inakwenda wapi?”

Maana muhogo umepandwa ndani ya mpunga. Mpunga ukitoka, muhogo unabaki na shamba. Kijana akasema atapita pembeni ya kila mche.

“Sawa. Na haya masuke ambayo hayajakomaa? Yako pamoja na yaliyokomaa, kwenye konzi moja. Utayarudishaje?”

Mbegu zake ni mchanganyiko: nyingine alirithi, nyingine alipewa na dada yake, nyingine hajui zilifikaje. Hazikubaliani tarehe. Leo unakata yaliyoiva, wiki ijayo unarudi kwa mengine, na lile suke zuri kuliko yote unalitenga liwe mbegu. Kijana akasema shirika lingeweza kuleta mbegu bora zinazokomaa kwa pamoja. Mukwe akasema ahsante, na akaendelea.

“Na majani haya yote unayokata, nani atayabeba hadi nyumbani? Mimi nabeba masuke. Nikifika nayaning'iniza juu ya jiko, moshi unafukuza wadudu, nakula kishada kwa kishada. Wewe unanibebesha nyasi.”

Kijana akaandika kitu kwenye daftari. Akanywa maji. Akatuomba tupige picha ya pamoja, mukwe akiwa ameshika mundu, na mukwe akatabasamu vizuri mno, kwa kuwa mgeni ni mgeni.

Mimi, kama msomi wa familia, niliona nisiiachie hoja iishe hivyohivyo, upande wowote. Nikamsimulia mukwe habari za Java, kule Indonesia. Huko nako wanawake walivuna suke moja moja kwa kisu cha kuficha kiganjani, ani-ani, na waliamini kwamba Dewi Sri, mungu mwenye mpunga, angeshtuka akiona makali. Yeyote aliyekuja kuvuna aliondoka na fungu lake. Kisha zikaja mbegu fupi za kisasa, zile zilizoanza na IR8 iliyotolewa Ufilipino mwaka 1966, ambazo shamba zima linaiva kwa siku zilezile. Miaka ya 1970 wafanyabiashara wakawa wananunua mpunga ukiwa bado umesimama shambani, wanaleta kundi dogo la wanaume wenye miundu, kazi inakwisha haraka. Wanawake waliozoea kuja na visu vyao wakaambiwa hakuna nafasi.

Nilitarajia asifie elimu yangu. Akaniuliza: “Sasa wewe ulitaka hawa majirani zangu wale nini?” Halafu akaniongezea mstari, ule wa karibu na kijito, wenye mbu.

Hoja zake zote ni nzuri. Mbele ya mahakama ningeshindwa. Lakini kidole gumba changu hakiendi mahakamani, kinakwenda shambani kesho yake tena, na ndipo siku moja, wote wakiwa wamelala kidogo baada ya chakula, nikauchukua ule mundu nijaribu kwenye kona isiyo na muhogo.

Mimi ni mashoto.

Mnaotumia kulia hamjui dunia inavyotufanyia. Nilichapwa kwa ajili ya mkono huu tangu darasa la kwanza, mkasi unanisaliti, kiti cha mtihani chenye kibao kinanitukana. Sikujua kwamba hata mundu una mkono wake. Ule wenye vijino umenolewa upande mmoja tu, upande unaomfaa mtu wa kulia. Ukiushika kwa kushoto, makali yanatazama pasipo na kazi: unavuta, mundu unateleza juu ya bua, unapanda, unatafuta kidole. Waliozoea watakuambia kuwa mundu hupenda kidole kidogo cha mkono ulioshika mabua. Wangu ulikuwa hauchagui. Nikaurudisha ndani kimyakimya, nikachukua kisu, ambacho angalau hakiulizi unaandikia mkono gani.

Usidhani lakini kwamba ule mundu ulikaa bure. Aliyeuokoa ni shemeji yangu mdogo. Alitafuta fito ndefu iliyonyooka, akaufunga mundu nchani kwa utepe aliouchana kutoka mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki, akakaza, akamwagia maji ukazidi kukaza. Akaenda nao kwenye kakao.

Kakao ya Beni ni habari ya pesa, kwa hiyo tuinyamazie kidogo kwa heshima. Zamani huku kulikuwa na kahawa ya robusta. Ikaja kunyauka kwa ugonjwa, mti mmoja baada ya mwingine, watu wakang'oa na kupanda kakao. Desemba 2024 bei ya tani moja huko New York ilipita dola 12,000, na vijana waliokuwa wakidai kilimo ni cha wazee wakageuka wataalamu wa soko la dunia usiku mmoja. Bei imeshuka tangu hapo. Utaalamu wao haujashuka.

Sasa tunda la kakao halikai nchani mwa tawi kama embe lenye adabu. Linaota kwenye shina lenyewe na kwenye matawi manene, juu na chini, na pale lilipoota ndipo maua ya mwakani yatakapotokea. Ukilinyofoa kwa nguvu, ukachana gome, umekula na mavuno yajayo. Yaliyo chini unayakata kikonyo kwa panga kali au mkasi. Yaliyo juu yanataka kitu kilichopinda, chenye makali ndani, mwishoni mwa mti mrefu. Yaani mundu. Unaupitisha nyuma ya kikonyo, unavuta mara moja, tunda linashuka lote, njano, na wewe unaruka pembeni kwa sababu lina uzito na halitazami. Baada ya hapo unalipasua kwa kigongo, kwa panga ungekata na mbegu. Unazivundika mbegu na ute wake ndani ya sanduku la mbao, unafunika kwa majani ya migomba, unazigeuza, na kwa siku tano hadi saba nyumba nzima inanuka siki. Hapo hakuna anayelalamika. Ile ni harufu ya karo za shule.

Watu wa shirika walirudi kufanya tathmini. Wakauliza mundu uko wapi. Wakaonyeshwa juu ya mti. Nasikia kwenye ripoti waliandika kwamba zana inatumika.

Kuna sehemu ya habari hii ambayo siwezi kuifanyia mzaha. Isaya, sura ya 2, aliona siku ambayo silaha zitarudishwa kwa mhunzi, zitoke zana za shambani, mundu ukiwa mmojawapo. Mapadri wanapenda kuisoma wakati wa Majilio. Wachache wanasoma Yoeli, sura ya 3, ambako amri ni ya kinyume: zana za shamba ndizo zipelekwe zikageuzwe silaha. Beni imeishi ndani ya Yoeli tangu Oktoba 2014. Watu wameuawa na waasi wa ADF vijijini na mashambani, wengi kwa panga na shoka, na panga, ambalo kila nyumba inalo kwa ajili ya ndizi na kuni, limebebeshwa jina ambalo halikulitafuta. Ndiyo maana watu huenda kuvuna kwa makundi, wanasikilizia porini, na jua likianza kuteremka wanarudi, kazi iwe imekwisha au haijaisha. Niliwahi kumwambia mukwe kwamba kwa hali hii mundu ungefaa, kwa sababu ungeharakisha. Akasema mtu mwenye kitunga cha masuke anaweza kukimbia nacho. Mwenye mzigo wa nyasi anauacha. Sikumjibu.

Turudi kwenye malalamiko, nina moja zaidi. Niliamua kuuchukua ule mundu hadi Butembo kwa mhunzi, hawa wanaofua majembe na mapanga kutoka kwenye springi za malori yaliyokufa, aunoe upande wa pili niweze kuutumia. Alinikubalia kwa bei ya haraka na kazi ya polepole. Alipomaliza, vijino vyote vilikuwa vimesagika na mundu umebaki laini, haukati mpunga kwa kulia wala kushoto. Lakini kwa kakao unafaa bado, kwa kuwa kikonyo cha kakao si kichaguzi. Nikaubeba kurudi Beni, nimeuzungushia gazeti, nyuma ya pikipiki.

Mahali fulani njiani, pana kamba ya kizuizi. Majina ya mahali nayaacha. Kijana mwenye sare akafunua gazeti.

“Hii ni nini?”

“Mundu, chef.”

“Wa kufanyia nini?”

“Kuvunia kakao.”

Akaugeuza. “Mundu si wa mpunga?”

“Ni wa mpunga, chef. Ila sisi mpunga tunakata kwa kisu.”

“Kwa hiyo una na kisu.”

“Kisu kiko kwa mukwe.”

“Na huu mundu si wa kakao.”

“Kwa asili, hapana.”

“Kwa hiyo unakubali umedanganya.”

Mkoa wetu uko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, na mwalimu wa sekondari anajua wakati wa kufundisha na wakati wa kufungua pochi. Motari wangu, aliyekuwa amezima injini kuokoa mafuta, aliniambia baadaye kwamba ningesema ni ya kupogolea maua ningepita bure.

Nisiseme sana mkadhani nauchukia mundu. Mundu una kwao, na kwao si mbali: juu Lubero, kwenye ukungu, ambako ngano ililetwa wakati wa ukoloni na ikapatana na baridi. Ngano imepandwa peke yake, inaiva kwa pamoja, bua lake linafaa kwa kukatwa chini. Pale konzi inakusanywa, mundu unapita, mtu anasonga mbele na anaonekana kuwa amefanya kazi. Ila hata huko mundu umeponzwa na duka, kwa kuwa mkate wa Butembo unaokwa kwa unga wa magunia yaliyovuka bahari. Nilielekezwa mhunzi mmoja wa huko anayefua miundu ya kila mkono. Anaishi kusini. Na tangu vita ya waasi wa M23 iingie kusini mwa Lubero katikati ya mwaka 2024, motari anayekubali kwenda upande ule anataja bei ya kununulia pikipiki yenyewe.

Basi ombi langu nalielekeza kwa yeyote anayepanga mfuko ujao wa zana za wakulima wa Beni. Njooni wakati wa mavuno, si baada yake, mlale kijijini kama hali inaruhusu, mshike kisu nanyi mkae kwenye mstari wa karibu na kijito. Kisha leteni turubai za kuanikia mpunga na kakao, maana mvua za huku hazitangulizi barua, na tunaanika kwenye lami huku magari yakipita. Leteni jiwe zuri la kunolea kwa kila nyumba. Leteni fito za chuma zenye ndoana kwa ajili ya matunda ya juu, shemeji yangu atawaonyesha urefu. Mbegu za kabichi pelekeni Butembo. Na kama bajeti ya mundu imekwisha kusainiwa na haibadiliki, basi mmoja uwe wa mashoto, na jina la kuandika kwenye orodha mnalo.